Usingoje leza huku jino laoza

Hebu nikuulize swali ambalo pengine hungependa kuulizwa siku ya Jumapili ukiwa umeketi na jamaa zako mkinywa chai. Ni lini mara ya mwisho ulipofungua kinywa mbele ya daktari wa meno kwa hiari yako, si kwa kusukumwa na maumivu ya usiku wa manane?

Najua wengi tutainamisha vichwa. Si kwamba hatuyapendi meno yetu, la hasha. Tunachokihofu ni ule mlio. Umeketi katika chumba cha kungojea, gazeti mkononi, mara nyuma ya mlango kinaanza kitu kama nyuki aliyenaswa ndani ya mkebe, na hapo hapo unakumbuka kuwa una shughuli ya dharura mjini. Mlio huo ni wa mashine ya kutoboa jino. Katika makala haya nitaiita keekee, kama ile ya seremala, maadamu kazi yao ni moja. Tofauti ni kwamba keekee ya daktari huendeshwa kwa upepo na huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Tangu aina hiyo ilipoanza kuuzwa huko Marekani mwaka wa 1957, imeokoa meno yasiyohesabika, na imewatorosha watu wasiohesabika vilevile. Wale ambao hawakutoroshwa na keekee walitoroshwa na sindano ya ganzi.

Ndiyo sababu matangazo ya leza hayakosi wasikilizaji. Siku hizi ukifungua simu yako huchelewi kukutana na kiliniki inayotangaza matibabu ya meno kwa miale ya leza: bila keekee, bila sindano, bila uchungu. Nimeonyeshwa matangazo hayo na majirani, na siku moja nikaulizwa na abiria niliyeketi naye katika matatu baada ya kujua kwamba mimi ni mwandishi wa gazeti. Je, ni kweli au ni biashara tu?

Jibu ni kwamba ni kweli, lakini si kwa kila jino na si kwa kila leza. Ili uone tofauti, yafaa kwanza tujue leza yenyewe ni kitu gani.

Leza ni mwanga. Mwanga wa jua au wa taa ya nyumbani ni kama umati unaotoka sokoni jioni. Rangi nyingi zimechanganyika na kila mmoja anashika njia yake. Mwanga wa leza ni kama gwaride la siku ya Jamhuri: rangi moja, hatua moja, mwelekeo mmoja. Kwa kuwa haujatawanyika, nguvu zake zote zaweza kuelekezwa mahali padogo kama ncha ya kalamu. Albert Einstein aliieleza kanuni yake mwaka wa 1917, lakini ilibidi ulimwengu ungoje hadi Mei 1960 ndipo Theodore Maiman, katika jimbo la California, akawasha leza ya kwanza kwa kutumia kipande cha yakuti.

Haukupita muda kabla ya mtu kufikiria meno. Mwaka wa 1965, daktari wa ngozi aitwaye Leon Goldman, wa mji wa Cincinnati huko Marekani, alimulika jino la mtu aliye hai kwa leza ya yakuti. Jino lenyewe lilikuwa la nduguye, ambaye naye alikuwa daktari wa meno. (Sijui ni wangapi kati yetu wangewakabidhi ndugu zao vinywa vyao kwa jaribio kama hilo.) Hakuhisi uchungu wowote, ila gamba la jino lilibaki na nyufa ndogo ndogo.

Utauliza, mbona basi keekee hazikutupwa mwaka ule ule? Kizuizi kilikuwa joto. Jino si jiwe, ingawa laonekana hivyo. Nje lina gamba gumu kuliko mfupa, chini ya gamba kuna tabaka jingine lililo laini zaidi, na katikati kuna moyo wa jino, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mwaka huo huo wa 1965, watafiti walipasha joto meno ya tumbili wakaona kwamba moyo wa jino ukiongezewa nyuzi 5.5 tu za joto, takriban meno 15 kati ya kila 100 hayaponi. Leza za wakati ule zilikuwa zikichoma kupita kiasi hicho. Kutoboa jino bila uchungu kisha likafa lenyewe baada ya majuma machache, si tiba hiyo.

Ufumbuzi ulitoka kwa maji. Jino lina maji ndani yake, na sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu nzima. Mwishoni mwa miaka ya themanini, Raimund Hibst na Ulrich Keller wa Ujerumani walionyesha kwamba leza inayotumia madini yaitwayo erbiamu hutoa miale ambayo maji huifyonza kwa pupa. Miale inapogonga jino, vijitone vya maji vilivyo ndani yake hugeuka mvuke ghafula na kulipuka, vikirusha chembe za jino nje. Joto halipati muda wa kupenya hadi ndani, hasa kwa vile mashine yenyewe hunyunyiza maji wakati wote ikifanya kazi. Wanaotibiwa kwa leza hii husema mlio wake ni kama bisi zikipasuka kwenye sufuria. Huko Marekani, leza ya kukata ufizi iliidhinishwa mwaka wa 1990, na ile ya erbiamu ya kutoboa jino mwaka wa 1997. Kwa hivyo, msomaji, leza ya meno si kitu cha jana.

Kwa ufizi, leza ni fundi kwelikweli. Ufizi uliokua ukafunika jino, au kile kikamba kinachofunga ulimi wa mtoto hata asiweze kunyonya vyema, hukatwa na damu kidogo mno, na aghalabu bila kushonwa nyuzi.

Kwa matundu ya meno, habari ni njema lakini yafaa ipimwe. Mwaka wa 2016, wataalamu wa Cochrane, jumuiya inayopima ushahidi wa matibabu, walikusanya majaribio 9 yaliyokuwa na wagonjwa 662 na kulinganisha leza na keekee. Waliotibiwa kwa leza walielekea kuhisi uchungu mdogo na kuhitaji ganzi mara chache zaidi. Lakini je, mazibo yao yalidumu kuliko ya wenzao? Hakuna tofauti iliyo wazi iliyopatikana, na wataalamu wenyewe walisema ushahidi ungali dhaifu. Kwa maneno mengine, leza hukupunguzia hofu na uchungu. Haikupi ziba bora kuliko la jirani yako aliyevumilia keekee.

Kisha kuna yale ambayo leza haiwezi. Haitumiwi kuondoa ziba kuukuu la madini ya fedha na zebaki, kwa kuwa miale yaweza kuitoa zebaki hiyo kama mvuke. Haikati kofia ya chuma iliyovishwa jino. Aghalabu huenda polepole kuliko keekee, na mara nyingine daktari huanza kwa leza akamalizia kwa keekee hiyo hiyo uliyoikimbia.

Na hapa ndipo wengi hupotoshwa hata pasipo kuongopewa. Leza za meno si za aina moja. Ile ndogo iitwayo daiodi, inayoweza kutoshea juu ya meza na ambayo bei yake ni nafuu zaidi, hufaa kwa ufizi tu; haiwezi kutoboa jino hata ukiikesha. Ile ya erbiamu hugharimu mamilioni ya shilingi. Kiliniki yenye daiodi ikiandika mlangoni kwamba ina leza, imesema kweli. Wewe mwenye tundu ndiwe utakayefika ukute leza ipo na keekee bado yakungoja.

Yaliyomfika dadangu, kitindamimba wetu anayeishi Nakuru, ndiyo yaliyonisukuma kuyachunguza haya yote. Mwanawe wa kiume alipokuwa na umri wa miaka minane alionekana na kitone cheusi kwenye gego la chini, nyuma kabisa. Alipelekwa kiliniki fulani mjini humo. Keekee ilipoanza kulia, mtoto alifunga kinywa, akaguta, akafokewa, akaruka kutoka kitini na kukimbilia barabarani na kitambaa cha kiliniki kifuani. Dadangu aliona haya na hasira kwa pamoja.

"Kaka," aliniambia kwa simu jioni ile, "simrudishi mtoto pale akateswe. Nangoja zamu yangu ya chama nimlete huko Nairobi atibiwe kwa leza."

Zamu yake katika chama ilikuwa ya tisa. Isitoshe, hakuwa na haraka kwa kuwa aliamini ni jino la utoto ambalo lingeng'oka lenyewe. Hapa nakuomba msomaji mwenye watoto usome polepole. Mtoto akifikisha miaka sita hivi, huota magego manne ya kwanza ya utu uzima, nyuma ya meno ya utoto. Kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kuyapisha, wazazi wengi hawatambui kuwa yameota, wala kuwa hayo ndiyo atakayotafunia hadi uzeeni. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015 ulipata kuoza kwa meno kwa takriban mtoto 1 kati ya 4 nchini, na gego hilo la miaka sita, lenye mitaro inayoficha chakula, huwa miongoni mwa ya kwanza kuoza.

Miezi tisa ni mingi kwa tundu. Katika mwezi wa sita mtoto alianza kutafunia upande mmoja. Katika wa nane alikuwa halali bila kidonge cha maumivu. Zamu ilipofika, dadangu alipanda matatu na mwanawe na pesa zake kamili, nikawapokea Nairobi na kuandamana nao. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alipiga picha ya eksirei, akaitazama, kisha akaitazama tena.

"Mama," alimwambia dadangu, "leza ninayo, ni ile pale. Lakini hapa hakuna tena tundu la kuziba. Uozo umefika kwenye moyo wa jino."

Alieleza kwamba mizizi ya gego la mtoto wa umri ule huwa haijakomaa vyema, hivyo kulitibu kungehitaji kurudi mara nyingi na hakuna uhakika wa kufaulu. Kwa upande mwingine, likiondolewa akiwa na miaka tisa, gego la pili, ambalo huota kati ya miaka 11 na 13, huweza kusogea mbele na kulichukua pengo. Dadangu aliuliza kama hakuna leza ya nguvu zaidi. Daktari alitikisa kichwa bila kumcheka.

Basi mtoto alipakwa dawa ya ganzi kwenye ufizi, kisha akadungwa ile ile sindano iliyokimbiwa mwaka mzima, na gego la utu uzima likang'olewa. Alitetemeka lakini hakulia. Aliyelia ni mamake, tena si mle ndani, bali kwenye ngazi tulipokuwa tukishuka.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameuliza lile swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: je, lau wangekuja miezi tisa mapema, leza ingeliokoa jino? Nililiandika jibu katika kijitabu changu.

"Mama, miezi tisa mapema hamngehitaji kuja Nairobi. Tundu dogo kama lile linakwanguliwa kwa mkono na kuzibwa, hata bila keekee."

Sikuwa nimewahi kusikia jambo hilo, nami nikalifuatilia. Njia anayoizungumzia haikubuniwa Marekani wala Ujerumani, bali hapa jirani, nchini Tanzania. Katikati ya miaka ya themanini, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake, katika shule ya madaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuwa wakitafuta jinsi ya kuwatibu watu wa mahali pasipo umeme wala maji ya bomba, ambako keekee haina kazi. Walitumia vifaa vidogo vya mkono vyenye makali, kama kijiko kidogo mno, kukwangua sehemu laini iliyooza, kisha wakaliziba tundu kwa saruji maalumu ya meno ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi polepole. Hakuna mlio na, mara nyingi, hakuna sindano. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo mwaka wa 1994. Mwaka wa 2021 shirika hilo liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji yenye fedha na floraidi ambayo hupakwa kwenye tundu kuuzuia uozo usiendelee. Dawa hiyo hulifanya tundu kuwa jeusi, jambo ambalo kwenye gego la mtoto si hoja kubwa, ingawa kwenye jino la mbele huenda mzazi akasita.

Nakiri jambo hili lilinishangaza. Tunachokitamani kwa leza, yaani kutibiwa bila keekee na bila sindano, kimekuwapo miaka mingi kwa bei ndogo, na kilizaliwa ng'ambo tu ya mpaka wetu. Sisemi njia hiyo ni bora kuliko leza kwa kila jino. Tundu likiwa pana, lenye kuta zilizobomoka, haidumu sana. Lakini hilo ni sharti la leza pia. Zote mbili zataka tundu dogo, na tundu dogo lataka mtu aliyefika mapema. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta, utadhani walikuwa madaktari wa meno.

Juma lililofuata mtoto alirudishwa ili magego yake matatu yaliyosalia yapakwe utando wa kufunika mitaro. Daktari alipomulika utando huo kwa taa ya samawati ili ugande, mpwa wangu alifurahi mno. Taa ile si leza, ni taa ya kawaida ya kugandishia mazibo ambayo kiliniki nyingi zinayo, na watu wazima wengi huikosea vivyo hivyo. Hadi leo anawasimulia wenzake darasani jinsi mjomba alivyompeleka Nairobi akatibiwa kwa leza. Sijamsahihisha.

Dadangu alikuwa na ombi la pili. Meno ya mwanawe ya mbele yana madoa ya hudhurungi, kama ya watu wengi waliokulia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, na alikuwa ameona tangazo la kung'arisha meno kwa leza. Hapa sina budi kusema waziwazi kwamba tangazo la namna hiyo kwa mtu wa Bonde la Ufa ni la kutiliwa shaka. Katika kung'arisha meno, kazi kubwa hufanywa na dawa inayopakwa, si mwanga unaomulikwa juu yake. Na madoa ya floraidi hayako juu ya jino kama rangi ya chai. Yaliingia ndani ya gamba wakati jino lilikuwa likijengeka chini ya ufizi, mtoto akinywa maji ya kisima yenye floraidi kupita kiasi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Daktari anaweza kuyapunguza kwa dawa, kwa kuyasugua au kwa kulifunika jino, na hayo yaweza kungoja mpaka kijana akue. Yasiyoweza kungoja ni meno ya dadake mdogo, mwenye miaka miwili, ambayo yanajengeka sasa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilijulikana kwa kutengeneza machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kunasa floraidi. Pesa za chama zilizobaki, dadangu alizitumia kununua chujio la aina hiyo.

Wewe nawe, ukiamua kutibiwa kwa leza, usione haya kuuliza. Muulize daktari kama leza yake ni ya ufizi au ni ya kutoboa jino. Muulize kama tundu lako lafaa, ziba litakuwa la nini, na itakuwaje ukihisi uchungu katikati ya kazi. Uliza pia bei ya kuziba jino lilo hilo kwa keekee, kwa kuwa pale tulipokwenda bei ya leza ilikuwa karibu mara tatu, na bima nyingi hazipendi kulipa tofauti hiyo. Hakikisha jina la daktari limo katika orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno nchini.

Na kabla hajaiwasha mashine, tazama macho ya kila mtu aliye chumbani. Miale ya leza yaweza kulipofua jicho kwa dakika moja ya kutozingatia, hata ikirudishwa tu na kioo kidogo cha daktari. Daktari, msaidizi wake, wewe, na mzazi aliyeketi pembeni akimshika mtoto mkono, nyote mnapaswa kuvaa miwani maalumu iliyotengenezewa aina ile ya leza. Miwani ya jua haitoshi. Usipopewa, funga kinywa hadi iletwe.